Kapu la Dodo Matangani

Habibah alikuwa mpishi wa shughuli mjini Busia. Kwa miaka ishirini na tano arusi za Waislamu upande wa Uganda, na si chache za upande wa Kenya, zililiwa kwa mwiko wake. Alijua mchele kiasi gani unawatosha watu mia mbili. Alijua ni mzee gani akikosa paja la kuku atanuna hadi Maulidi ya mwaka ujao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba huyo huyo Habibah, Mama Muniru wa watu, ndiye aliyekosea adabu ya matanga, utacheka. Cheka tu. Hata yeye angecheka, kama si mguu wa Norah.

Tuanze na mama yake, maana kiburi cha mtu nacho kina mama. Bi Nusura alikufa kwa kisukari. Alilala miezi mitatu katika chumba cha nyuma, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na kilo ya sukari ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Mkono mtupu haulambwi, na mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wengine waliongeza mkate na soda, ili aone kwamba wanampenda zaidi ya wenzao. Alipozikwa, zilibaki kilo kumi na moja chini ya kitanda, na chai ya matanga yake ikatiwa hizo hizo. Habibah aliinywa chai ile kwa hasira. Hasira ile ilimkaa kifuani, akazeeka nayo.

Ndiyo maana muuguzi Barbara alipoanzisha kikundi cha watu wenye kisukari kwenye baraza ya zahanati moja pale mjini, akatafuta mtu wa kuwafundisha mapishi, Habibah hakungoja kuombwa mara mbili. Naye alipimwa siku ya kwanza. Barbara akamwambia bado hajaugua, ila yuko mpakani. "Mpakani ndiko nilikozaliwa," Habibah akajibu, akavaa aproni.

Walikutana kila Alhamisi. Barbara alipima sukari kwa kile kimashine chake na kuwakagua miguu. Habibah alichora sahani kwa mkaa sakafuni: nusu mboga, robo ugali, robo samaki au maharage. "Ugali wako usizidi ngumi yako," alisema. "Yako wewe, si ya mumeo!" Hapo Patroba, mzee aliyevusha magunia mpakani kwa baiskeli maisha yake yote, aliinua ngumi yake iliyojaa kama kabeji, na baraza nzima ikaangua kicheko. Ulikuwa wakati mzuri. Hauna budi kusemwa, kwa sababu haukudumu.

Norah alitoka Sikuda, mke wa Oundo, mkulima wa muhogo na karanga. Siku aliyofika sukari yake ilisoma kumi na tisa, karibu mara tatu ya kawaida, na chini ya mguu wa kulia alikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Oundo ndiye aliyemleta kwa baiskeli, akamngoja nje akitafuna kijiti. Huyo Oundo alikuwa mume wa kupigiwa mfano. Alipoambiwa chakula cha nyumbani kibadilike, hakusema mambo ya "mimi siumwi". Alikula alichokula mkewe, ngumi moja ya ugali wa muhogo na wimbi na kilima cha mboga, akakonda kidogo, akasema anajisikia kijana. Baada ya miezi mitano sukari ya Norah ilisoma nane, na kidonda kilikuwa kimebaki ukubwa wa ukucha.

Barbara alikiosha, akakitazama, akasema, "Tukienda hivi, Pasaka mguu huu ni mzima. Tukiacha, Norah, mimi sitaki hata kusema."

Habibah alimpenda Norah kuliko wote. Alimwona kama mama yake aliyerudishwa ili safari hii asife.

Kikundi kilikuwa na sheria moja iliyotungwa na Habibah mwenyewe. Mwenzao akiugua, wanakwenda kumwona, lakini hakuna sukari, hakuna soda, hakuna mkate. Wanapeleka mayai, dagaa, karanga, na zaidi ya yote dodo, huu mchicha wetu unaoota hata pembezoni mwa choo. Sheria ilifanya kazi vizuri. Wagonjwa walifurahi, majirani walishangaa, na Habibah alirudi nyumbani kila mara kichwa juu, kana kwamba amewatoza faini wale wote waliomletea mama yake sukari.

Kisha, mwezi wa pili, Oundo akafa. Tumbo lilimshika Jumapili, Alhamisi yake akawa ndani ya sanduku.

Kikundi kilikutana kupanga safari ya matanga. Patroba alivua kofia. "Mama Muniru," alisema, "hii si kuona mgonjwa. Hii ni matanga. Watu wamejaa pale, wanakunywa chai toka asubuhi. Huko ni sukari tu. Sisi tukienda na majani, itakuwa aibu."

"Aibu ni kumpelekea mjane mwenye kisukari gunia la sukari," Habibah alisema. "Sheria ni sheria, baba."

"Sukari si ya Norah. Ni ya watu."

"Na Norah atakunywa chai ya nani? Si hiyo hiyo ya watu?"

Patroba akavaa kofia yake. Alikuwa mzee, na wazee wanajua ubishi usio na mwisho unafananaje. Siku ya maziko wakaondoka watu tisa na makapu matatu ya dodo, mabichi, yamefungwa vizuri kwa mafungu, pamoja na trei mbili za mayai. Habibah aliyanyunyizia maji njiani yasinyauke. Fikiria hilo. Mwanamke wa mjini, asiye na hata kitalu, anawapelekea mboga za majani watu wanaolima.

Kule Sikuda wageni walipokelewa hadharani. Kila kundi lilipita katikati ya mahema na vitu kichwani, na mtu mwenye kipaza sauti alitangaza walicholeta, ili waliofiwa wajue hawako peke yao. Kanisa lilileta sukari, na wanawake wakapiga vigelegele. Wakwe walileta unga na fahali. Akina mama wa sokoni walileta sukari na majani ya chai. Norah alikaa kwenye mkeka kando ya jeneza, mguu wake umenyooshwa mbele, na kila jina lilipotajwa kwa ajili yake mabega yalimwinuka kidogo. Mjane hupimwa siku ile kwa watu wanaomjia.

"Na sasa," mwenye kipaza sauti akasema, "rafiki za mjane wetu, kikundi kutoka mjini!" Akafunua kapu la kwanza, akafunua la pili. Akachungulia la tatu. "Wameleta... mboga."

Mtu mmoja akacheka. Bibi mmoja akauliza kwa Kisamia, kwa sauti ya kusikika, kama mbuzi nao wamealikwa.

Prossy, dada wa marehemu, akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amepika siku tatu bila kulala, na sukari ya chai ilikuwa imeisha asubuhi ile, na iliyoletwa ilikuwa bado haijafika jikoni, watu wanamgongea vikombe. Alishika fungu moja akaliinua juu watu waone.

"Hii kitu iko kwetu mingi! Tunang'oa na jembe, tunatupa! Nyinyi mnatoka mjini kutuletea magugu? Ndugu yangu alikuwa mbuzi?"

Hapo ndipo neno moja la unyenyekevu lingetosha. Kupiga magoti, kusema "mtusamehe, tumekosea," na mambo yangeisha, kesho yake ikawa kichekesho. Lakini Habibah alikuwa mwalimu, na mwalimu akitukanwa hufundisha. Alimwomba yule bwana kipaza sauti. Akasimama mbele ya jeneza la Oundo akaanza kueleza kisukari ni nini, na kwamba sukari wanayoipigia vigelegele ndiyo inayomla mguu mjane wao. Akataja sahani. Akataja ngumi.

Prossy hakumwacha amalize. "Eeh! Kumbe ni nyinyi!" alipiga kelele. "Nyinyi mlifundisha huyu mwanamke kupima ugali na ngumi! Kaka yangu, mwanaume mzima, alikuwa anakula ngumi moja kama mtoto! Nilimwona mimi, alikonda, nikasema huyu anaugua. Kumbe ni njaa! Mmemuua na njaa!"

Neno kama hilo likishasemwa mbele ya ukoo, maji yamemwagika. Habibah alimtazama Norah. Norah alijifunika uso kwa leso, na hakuufunua tena mpaka walipoondoka. Prossy akamletea kikombe cha chai, sukari ya kanisa imetiwa bila huruma, akamshikisha mkononi watu wakitazama. Norah akainua leso kidogo tu, penye mdomo, akanywa yote.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Habibah alimfuata Sikuda baada ya siku arobaini, akiwa na mayai kumi ndani ya leso. Norah alitokea kwenye mlango wa jikoni akichechemea, hakumkaribisha kiti.

"Rudi tu, Mama Muniru."

"Na mguu, mdogo wangu? Umeoshwa na nani?"

"Mguu ni wangu, naosha na chumvi." Alitazama nyuma yake kabla ya kuendelea, akapunguza sauti. "Hii nyumba ni ya ukoo wa Oundo. Shamba ni lao. Wakishika hiyo maneno kwamba nilimuua na njaa, mimi na watoto tunalala wapi? Nakula nao sahani moja. Nikipima ngumi, wote wanaangalia mkono wangu. Sasa nakula kama wao. Nakunywa kama wao. Na wameanza kunyamaza."

"Norah, utakufa."

"Nikifa hapa, watanizika hapa, karibu na yeye. Nikifukuzwa, nitazikwa wapi?" Akamrudishia mayai. "Wewe hukukosa, najua. Lakini ulinivua nguo mbele ya watu."

Habibah alirudi mjini akilia njia nzima, na si kwa huzuni tu. Alikuwa na hasira na Prossy, na ukoo, na sukari yenyewe. Barbara naye alikwenda mara mbili, akaambiwa mara zote mbili kwamba mjane yuko shambani. Shambani, na mguu ule!

Patroba ndiye aliyejua dawa, na aliitaja wazi, Alhamisi, mbele ya wote. "Peleka sukari, Mama Muniru. Hata kilo mbili. Piga magoti kwa Prossy, sema tulikosa. Watafungua mlango, na Norah atarudi hapa. Hii ni kitu kidogo."

"Nibebe sumu kwa mikono yangu nimpelekee mgonjwa? Mama yangu atageuka kaburini."

"Mama yako ameshakufa. Huyu bado."

Habibah alichukua mkaa akachora sahani, mistari imepinda. Wiki ile alisema atafikiria. Wiki iliyofuata palikuwa na arusi. Pasaka ikapita, Idi ikapita, mahindi yakavunwa. Sikio la kufa halisikii dawa, nasi tumezoea kuusema msemo huo kwa mgonjwa, kumbe mara nyingine sikio lenyewe ni la daktari. Miezi saba Habibah aliwafundisha wengine. Miezi saba alipita kando ya mifuko ya sukari dukani akageuza uso. Kila Alhamisi aliacha kiti kimoja wazi, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Habari zilikuja na Patroba, aliyeegemeza baiskeli ukutani polepole kuliko kawaida.

"Walimpeleka Tororo," alisema. "Homa, harufu, siku nyingi. Wamekata. Juu ya goti."

Habibah alikaa chini pale pale, kwenye sahani ya mkaa, na aproni yake ikachafuka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia. Baadaye aliinuka, akaenda dukani, akanunua kilo nne za sukari. Mwenye duka alidhani ana shughuli, akamuuliza arusi ni ya nani.

Aliingia wodini Tororo saa nne asubuhi. Norah alikuwa kitanda cha dirishani. Shuka ililala vizuri upande mmoja, upande wa pili ikaporomoka mapema. Mguu wa kushoto ulikuwa nje ya shuka, na kidole gumba kilikuwa kimefungwa bandeji, nyama ya pembeni yake imeanza kuwa nyeusi. Habibah aliiona mara moja. Miezi yote ile Barbara alikuwa amewafundisha kutazama hapo.

Chini ya kitanda, kwenye mkeka, aliishi Prossy. Usimchukie Prossy. Wiki tatu alikuwa ameacha shamba lake na watoto wake, akimgeuza wifi yake, akimwaga vyombo vyake vya haja, akimsuka nywele, akigombana na kila mtu aliyepita bila kumsalimu. Alimpenda kwa namna alivyojua. Alipomwona Habibah alisimama, macho makali.

Habibah alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, akatoa ile mifuko kwa mikono miwili. "Dada," alisema, "ile siku tulikosa. Mtusamehe."

Prossy aliitazama mifuko. Uso wake wote ukalegea. Naye alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akageukia vitanda vingine. "Mnaona? Huyu ni rafiki wa wifi yangu, kutoka mjini! Ametuletea sukari!" Wanawake wawili waliokuwa wakiuguza ndugu zao walipiga vigelegele vya chini chini, vya hospitali. "Karibu sana, dada yetu. Leo umekuja kama mtu. Ile maneno imeisha."

Imeisha. Ilikuwa rahisi hivyo. Habibah alibaki amepiga magoti. Alitaka mtu amtukane. Alitaka Prossy akatae, apige kelele, azitupe zile kilo nne dirishani, ili ijulikane kwamba lilikuwa jambo kubwa, jambo lenye thamani ya mguu.

Prossy alikuwa tayari amefungua chupa ya chai. Alipasua mfuko mmoja kwa meno, akatia vijiko vitatu katika kila kikombe, cha mgeni, cha mgonjwa, na chake.

"Daktari alisemaje kuhusu chai?" Habibah aliuliza taratibu.

"Alisema asikose nguvu," Prossy akajibu, akakoroga.

Norah alikuwa amekonda, macho yake yana ukungu, na ilibidi Prossy amwelekeze mkono mpaka kwenye kikombe. Alikishika kifuani kwanza, akipata joto.

"Ni kilo ngapi?" aliuliza.

"Nne," Habibah alisema.

"Nne." Norah alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, la Alhamisi. "Wamesikia? Wodi yote wamesikia?"

"Wamesikia."

"Ungekuja nayo ile siku, Mama Muniru. Hata moja tu. Ningekuwa naruhusiwa kuja Alhamisi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu kilichokwisha kununuliwa na mwingine. "Mguu ningekuwa nao."

Maneno yote aliyoyajua Habibah yalikuwa ya kufundisha, na akayaacha huko huko yalikokuwa.

"Kunywa basi," Norah alimwambia. "Wanakuangalia."

Habibah akanywa. Ilikuwa tamu mno, akaimeza yote mpaka chini. Prossy akainua chupa akauliza nani aongezewe, na Norah akanyoosha kikombe chake.